Uzio wa Mbuzi wa Celestina

“Kwanza livue hilo koti, ndipo tuzungumze,” Placidia alisema. “Mimi siwezi kugombana na marehemu baba.”

“Silivui. Nilivishwa na ukoo.”

“Ulivishwa siku ya kuanua matanga. Tangu hapo senene wamekuja, tumewala, wamekwisha, na wewe bado umefunga vifungo vyote hadi shingoni. Unanuka kama beberu, kaka.”

Projest, aliyekuwa amekalia kinu kilicholazwa, alicheka hadi rubisi, pombe yake ya ndizi, ikamtokea puani. Gaudiosus alimgeukia.

“Cheka tu. Mlevi hana mirathi.”

“Si ulevi, tata. Ni kiu,” Projest alijibu, akajifuta kwa mkono wa shati.

Lile koti lilikuwa la jeshi, la sufu nzito ya kijani. Mzee Gervazi alilinunua mnadani baada ya vita vya Kagera, akalivaa miaka yote ile kwa akili, yaani asubuhi za baridi tu. Mwanawe wa kwanza alilivaa mchana kweupe, jua la Januari likiwa limekikalia kijiji cha Rugera utosini, na jasho lilimshuka nyuma ya masikio kama mtu aliyebeba debe linalovuja. Lakini asingelivua. Siku ya kuanua matanga wazee walimkalisha kwenye kigoda cha baba, wakampa mkuki wa baba, wakamvika koti la baba, wakawaambia wadogo zake kwamba kuanzia sasa huyu ndiye tata, ndiye baba yenu. Gaudiosus alikuwa amengoja maneno hayo tangu akiwa na miaka saba. Kesho yake alidai aamkiwe shikamoo hata na Placidia, aliyezaliwa mwaka mmoja na nusu tu baada yake, na ambaye utotoni ndiye aliyekuwa akimpiga Gaudiosus.

Ukoo huohuo uliomvika Gaudiosus koti ndio uliompeleka Placidia Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyemtaka. Ila Gaudiosus alisema Projest akiwa msimamizi atainywa mirathi, na Projest akasema Gaudiosus akiwa msimamizi ataivusha mto kule Murongo, mpakani na Uganda, anakofanyia biashara, na kila mmoja aliposikia hoja ya mwenzake aliona wazee wanaikubali. Akabaki Placidia, bibi shamba wa Omurushaka, mwenye diploma ya kilimo, watoto wanne na mdomo. Celestina, kitinda mimba, hakuulizwa. Alikuwa jikoni akiwapikia waliokuwa wakijadili.

Hata leo alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akimenya ndizi, kisu kikienda chenyewe. Ndiye waliyekuwa wakimgombania, au kwa usahihi zaidi, ndiye ambaye hakuna aliyekuwa akimgombania isipokuwa Gaudiosus, na Gaudiosus alimgombania aondoke.

“Nasema kwa mara ya mwisho,” alisema. “Jumapili ijayo nyumba ndogo iwe wazi. Naleta mzigo. Sabuni, mitumba, baiskeli. Nataka ghala.”

“Anapoishi Celestina na mtoto wake.”

“Celestina ana mume Nkwenda.”

“Mume wangu ana mke Nkwenda,” Celestina alisema bila kuinua macho. “Mimi nina mbuzi.”

“Na huyo mbuzi naye aende! Amenikwangulia mibuni yangu!”

“Yako?” Placidia aliuliza.

Sasa hapo ndipo penye jipu. Kibanja cha mzee Gervazi kilishuka mlima kama mkeka uliotandikwa vibaya. Juu, karibu na barabara, kulikuwa na nyumba kubwa, makaburi, na migomba ya zamani. Chini yake kulikuwa na kahawa. Ubavuni mwa kahawa ilikuwa nyumba ndogo ya bati, ambamo mzee aliishi miaka yake ya mwisho baada ya kiharusi kumpooza upande mmoja, akigeuzwa, akioshwa na kulishwa na Celestina. Mbele zaidi kulikuwa na bonde jeusi linalogusa kijito, na upande wa pili kilima cha mawe ambacho hata kwekwe zilikiheshimu. Projest alikuwa amekwisha kujenga kibanda chake kwenye migomba ya kusini, na hakuna aliyemwingilia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa jirani yake wa karibu zaidi.

Nyumba kubwa na makaburi ni vya mrithi mkuu. Hilo Placidia hakulipinga. Ndiyo desturi na alikuwa hana muda wa kupigana na desturi yote kwa siku moja. Lakini Gaudiosus hakuishia hapo. Kahawa ilipotoa maua, na kabla ya yeyote kugawa chochote, aliibutura. Aliiuza ikingali ua, kwa tajiri mmoja wa Omurushaka, kwa bei ambayo hata mwizi angeona haya kuitaja. Fedha alikwisha kuzigeuza sabuni. Sasa alihitaji mahali pa kuweka sabuni, na alihitaji mibuni ifike mavuno ikiwa na magome yake.

“Msimamizi si mwenye mali,” Gaudiosus alisema, akiipiga kifuani sufu ya koti. “Msimamizi ni karani. Mrithi anasema, karani anaandika.”

“Nani kakudanganya?”

“Desturi.”

“Desturi haina muhuri. Hakimu alinipa kazi mbele yako, na ulikuwa umekaa benchi la pili unasinzia. Alisema: kusanya mali, lipa madeni ya marehemu, gawa, kisha rudi unieleze ulivyogawa. Asiyeridhika aje kwangu. Hakusema mbembeleze kaka yako mpaka apendezwe.”

“Mbona umenibembeleza?”

Hapo Gaudiosus alikuwa amemshika Placidia.

Kwa kweli alikuwa amembembeleza. Mara mbili hakimu alimwita na mara mbili alikwenda kusema bado tunazungumza, mheshimiwa. Alijiambia anatafuta amani. Mama akigawa nyama hachinji watoto. Lakini Placidia alikuwa mtu wa kujiambia ukweli hata ulipomchoma, na ukweli ulikuwa kwamba Gaudiosus alikuwa amemfuata hadi Omurushaka wakati wa Krismasi, amebeba kilo ya sukari, akamwambia polepole: “Bonde lichukue wewe. Wewe ndiye unayejua kulilima. Andika tu kwamba Celestina ameolewa na hana kitu hapa.”

Alimfukuza. Sukari aliibakiza, maana watoto walikwisha kuiona. Lakini tangu siku ile alikuwa akiliota lile bonde. Kabichi zilizokaa kwenye mistari, nyanya, vitunguu, maji ya kijito yakiletwa kwa mfereji mdogo ambao alikwisha kuuchora kichwani. Miaka kumi na mbili alikuwa akiwafundisha watu wengine kulima ardhi yao nzuri, na yeye mwenyewe alikuwa analima ua wa nyumba ya serikali, mchicha nyuma ya choo. Kila alipotaka kukata shauri, lile bonde lilimshika sketi.

“Baba mdogo,” alisema, akimgeukia mzee Anatory. “Sema neno. Wewe ndiye mkuu wa ukoo.”

Baba mdogo Anatory alikuwa amekaa kivulini kwa mgomba, anatafuna buni zilizochemshwa, moja baada ya moja, akizitoa kwenye mfuko wa shati. Alipewa ukuu wa ukoo kwa sababu alikuwa amewazidi wote umri, na kwa sababu ilikuwa nafuu kumpa kuliko kuendelea kumsikiliza akiudai.

“Ninyi ni watoto wa tumbo moja,” alisema. “Elewaneni.”

“Hilo ni neno la kusemea harusini. Sema la leo.”

“La leo ni kwamba rubisi ya Projest haijaiva vizuri.”

“Asante, baba mdogo.”

“Lakini imelewesha,” Projest alijitetea.

Celestina aliweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mpole kwa sura, na watu waliomzoea walijihadhari na upole huo.

“Tata,” alimwambia Gaudiosus.

Gaudiosus alishtuka. Tangu aagize aitwe tata, Celestina alikuwa ametii kuliko wote. Kila alipotokea Murongo kwa pikipiki ya mtu, alimkuta amesimama njiani na mtoto mgongoni. Shikamoo, tata. Tata, chumvi imekwisha. Tata, bati la jikoni linavuja. Tata, mjukuu wako anataka viatu. Siku hizi Gaudiosus alikuwa akishukia kwa jirani na kupitia nyuma ya migomba kama mdaiwa.

“Nini tena?”

“Baba alikuwa hajawahi kunifukuza. Nilipotoka Nkwenda alisema, ingia, kuna uji. Sasa wewe si ndiye baba? Nataka kujua tu. Kama baba amebadili mawazo ya kunipokea, basi abadili na yale ya kuninyima chumvi.”

Projest alikaribia kuanguka kutoka kwenye kinu. Hata baba mdogo aliacha kutafuna.

“Ubaba una mipaka!” Gaudiosus alifoka.

“Ala,” Placidia alisema. “Una mipaka. Basi twende ukanionyeshe hiyo mipaka. Siyo ya ubaba, ya shamba. Unasema mibuni ni yako, nyumba ndogo ni yako, mbuzi kavuka. Kavuka wapi? Nionyeshe chako kinapoishia.”

“Unataka kuona? Njoo. Njooni wote. Baba mdogo, twende, uwe shahidi asije akabadili maneno.”

Walishuka. Gaudiosus mbele, koti likimpiga magotini, akikwepa majani ya migomba kwa ukali kama kwamba yamemkosea. Baba mdogo alifuata na fimbo yake, Projest na kibuyu chake, Celestina na panga lake la kukatia majani ya mbuzi, na Placidia nyuma kabisa, akiitazama ardhi kwa mazoea ya kazi. Migomba ilitaka kupunguzwa. Kahawa ilikuwa imefunga vizuri, punje za kijani zimeshonana kwenye matawi, na alimhurumia baba kwa jinsi zilivyouzwa.

“Haya,” Gaudiosus alisema, akasimama kwa miguu iliyopanuliwa. “Unaona uzio huu? Niliujenga mimi. Juu ya uzio, mibuni, migomba, kila kitu hadi barabarani, ni changu, mrithi. Na chini ya uzio ni huyo mbuzi wake na uchafu wake. Nilimwambia toka siku ya kwanza: mbuzi wako asivuke hapa. Yeye kamfungulia.”

“Kamba ilikatika,” Celestina alisema.

Placidia hakusikia habari ya kamba. Alikuwa anautazama uzio.

Alikuwa ameuona mara moja tu, mwezi wa Oktoba, ulipokuwa mpya: fito tupu zilizosimikwa ardhini na kuzungushiwa miiba, ukianzia kwenye kona ya migomba ya Projest, ukipita nyuma ya nyumba ndogo, ukashuka ubavuni mwa kahawa hadi ukingo wa bonde, ukakomea hapo. Uzio wa mbuzi. Hakuna mtu anayetazama uzio wa mbuzi mara mbili. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimenyesha tangu hapo, miiba ilikuwa imekauka na kupukutika, na zile fito zilikuwa zimechipua. Kila fito ilikuwa imeota kichwani kishungi cha majani marefu, membamba, yanayong’aa, yakianguka pande zote kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

“Kaka,” alisema taratibu. “Hii ni miti gani?”

“Miti tu. Fito.”

“Fito gani?”

Gaudiosus aliangalia. Aliangalia tena. Jasho lililokuwa likimshuka nyuma ya masikio lilisimama.

Mtoto wa Karagwe hahitaji kuambiwa mlamula ni nini. Ndiyo mti wa mpaka. Watu wawili wakigawana ardhi, hukata vipande vya mlamula, huvishindilia ardhini mbele ya mzee, hunywa, basi. Kipande kikishika mizizi, neno limeshika mizizi. Hauliwi na mchwa, haukaushwi na jua, na ukiukata unachipua pembeni kwa kiburi. Mashauri yamekwisha mahakamani, hakimu amestaafu, karatasi zimeliwa na panya, na mlamula bado umesimama unasema huku ni kwa fulani na kule ni kwa fulani.

Na Gaudiosus, mrithi mkuu wa mzee Gervazi, alikuwa amepanda mstari mzima wa mlamula kati yake na Celestina.

“Ulizitoa wapi?” Placidia aliuliza.

“Mpakani kwa jirani, ule wa juu, ulikuwa umerefuka mno, tukaupunguza... Nguzo za miti zinauzwa! Hizi zilikuwa za bure!” Sauti yake ilipanda. “Niliweka uzio! Wa mbuzi!”

Miaka ishirini alikuwa Murongo, ambako mpaka ni mto na askari mwenye bunduki, na mti ni kitu cha kuchomea mkaa. Mtu akikaa sana mahali ambapo mpaka unakaguliwa kwa tochi, anasahau kwamba kwao unaota majani.

“Nani alichimba mashimo?” Placidia aliuliza.

Projest alinyoosha mkono kama mtoto wa shule. “Mimi. Nilichimba, tata akasimika, tata akashindilia kwa mguu wake mwenyewe. Na baba mdogo alikuwepo.”

“Baba mdogo, ulikuwepo?”

“Nilipita kusalimia,” mzee alisema. “Nikakuta wanapanda. Nikapewa kibuyu. Nikanywa.”

“Mkanywa.”

“Tulikunywa wote. Nikamwona Gaudiosus anampimia dada yake sehemu, bila kusukumwa na mtu, baba yake hajamaliza hata miezi mitatu kaburini. Nikasema moyoni, kumbe huyu kijana ana moyo. Nilishangaa, lakini si vizuri kumshangaa mtu mbele yake.”

“Hata mimi,” Projest alisema kwa uchungu halisi. “Mimi nililia, tata. Si unakumbuka nililia? Ukadhani ni pombe.”

Celestina alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mabega yalikuwa yanacheza.

“Na wewe ulijua!” Gaudiosus alimwelekezea kidole.

“Nilijua ni mlamula, tata. Ningesemaje? Baba anapanda, mtoto amzuie? Nilikuwa nauwekea samadi.”

Gaudiosus aliushika mlamula uliokuwa karibu naye kwa mikono miwili, akajipinda kuung’oa.

“Thubutu!”

Sauti ya baba mdogo Anatory haikuwa imesikika hivyo tangu vita. Buni zilimruka mdomoni. Fimbo yake ilikuwa imekwisha kupita hewani na kusimama juu ya kifundo cha mkono wa Gaudiosus.

“Ng’oa,” mzee alisema. “Ng’oa uone. Baba yako nilizaliwa naye, lakini ukiung’oa mti huo mimi na wewe hatutazikana. Kesho jirani ataung’oa wa kwako, na keshokutwa wa kwangu, na hapo hii Rugera tutaigawana kwa mapanga. Achia.”

Gaudiosus aliachia. Alibaki amesimama, viganja vikiwa na udongo, akimtafuta mtu wa kumlaumu ambaye si yeye.

“Ng’oa wewe,” alimwambia Placidia hatimaye. “Wewe ndiye msimamizi. Si unayo mamlaka?”

“Ninayo.”

“Basi ng’oa!”

“Ninayo, ndiyo maana siung’oi.”

Aliufuata mstari kwa macho, kutoka migomba ya Projest, nyuma ya nyumba ndogo, ubavuni mwa kahawa, chini hadi ukingo wa bonde. Hapo ulikomea. Mbuzi hapendi matope, na Gaudiosus hakuona haja ya kupoteza fito. Upande wa bonde ulibaki wazi.

Gaudiosus naye alikuwa amepaona. Alimsogelea, akainamisha kichwa, na harufu ya koti ikaja naye.

“Sikiliza,” alinong’ona. “Haya, nimeshindwa, nyumba ndogo ichukue yeye. Lakini funga hapa. Hapa hapa, juu ya bonde. Bonde halimo. Bonde ni lako, Placidia. Nani atasema neno? Na wewe ni mtoto wa marehemu.”

“Ni kweli,” baba mdogo alisema, maana masikio yake yalikuwa mazima kuliko alivyopenda ijulikane. “Msimamizi naye ni mtoto. Anayo haki yake. Hakuna atakayekulaumu.”

Na ndilo lililokuwa baya, kwamba hakuna ambaye angemlaumu. Placidia alitazama chini. Ardhi nyeusi, yenye mafuta, kijito kikimeta nyuma ya matete. Matuta machache ya maharage ya Celestina yalikuwa kwenye kona, na yalikuwa mazuri kuliko yote aliyoyaona wilaya nzima msimu ule. Mfereji ungepita pale. Kabichi pale. Alimtazama Celestina, ambaye sasa hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama na panga lake, akingoja kuambiwa anakoishia. Nyumba bila bonde ingekuwa paa tu. Migomba mitatu minne ya uani isingemlisha yeye na mtoto hata nusu ya mwaka, na kabla ya senene wengine angekuwa njiani kwenda Nkwenda na kifurushi kichwani, kwa hiari yake mwenyewe kabisa, na Gaudiosus angepata ghala lake.

Nyumbani kwa Placidia kulikuwa na sheria moja ya kiazi kitamu. Anayekata ndiye anayechukua mwisho. Aliitunga siku mwanawe wa pili alipokikata kiazi vipande vinne na kimoja kikawa na ukubwa wa kiatu. Tangu hapo wanawe walikata viazi kwa makini ya mafundi cherehani. Wala hapakuwa na diploma ndani yake.

“Celestina,” alisema. “Lete hilo panga.”

“Dada—”

“Lete, jua linakwenda, na mimi nimeacha maharage motoni kwa mtoto wa jirani.”

Alilichukua, akaenda kwenye mlamula mkubwa wa pembeni, ule wa mpaka wa kale na jirani, akakata matawi marefu, chaka, chaka, akiyatupa nyuma bila kutazama yanamwangukia nani. Akazungumza hukuhuku akikata.

“Baba mdogo, sikiliza vizuri, maana kesho naenda kwa hakimu na wewe utakuja kutia dole gumba. Gaudiosus: nyumba kubwa, makaburi, migomba ya juu, na kahawa.”

“Kahawa yote?” Gaudiosus aliuliza, uso ukichangamka kidogo.

“Yote, pamoja na yule tajiri wako. Mirathi haikumuuzia kitu, wewe ndiye uliyemuuzia. Akija mavuno na magunia yake mtaelewana huko juu, usimlete huku chini. Projest: migomba ya kusini, pale ulipojenga, hadi njiani. Na mtumbwi wa kukamulia rubisi ni wako, kwa sababu hakuna mwenye nguvu za kukunyang’anya.”

“Mungu akubariki, dada.”

“Mungu akuzuie. Celestina: nyumba ndogo, kila kilicho ndani ya mlamula, na bonde hadi kijitoni.”

Mbuzi, aliyekuwa amefungwa kwa kamba mpya nyuma ya nyumba, aliinua kichwa.

“Na wewe?” Celestina aliuliza.

“Kilima cha mawe.”

“Dada, pale hapaoti kitu.”

“Panaota mikaratusi. Unapanda, unaondoka, inakua bila kukuita tata.” Alifuta jasho kwa kiwiko. “Kabichi nitakuja kununua kwako. Nitakuonyesha mfereji unapopita.”

“Utalipa kama wengine.”

“Ningekushangaa usiponidai. Projest! Weka hicho kibuyu, shika jembe. Anzia hapa ulipokomea uzio wa tata, tushuke nao hadi majini.”

Projest alichimba. Hakuna aliyewahi kumwona akichimba kwa haraka hivyo, isipokuwa kuzika ndizi za pombe. Placidia alisimika, Celestina alirudishia udongo, baba mdogo alitembea pembeni akinyoosha mstari kwa fimbo na kuupinda palipokuwa pamenyooka. Walishuka kwenye udongo mweusi, wakapita kona ya maharage, wakafika kwenye matete, na viatu vya Placidia, jozi yake ya kanisani, vikazama matopeni. Aliapa kwa jina la mtakatifu asiyehusika.

Fito moja ilibaki.

“Hii ya mwisho si yangu,” alisema. “Baba mdogo, nani hushindilia ya mwisho?”

“Aliyeshika kigoda cha baba,” mzee alisema. “Ndivyo tulivyoikuta.”

Wote walimtazama Gaudiosus, aliyekuwa amebaki juu, peke yake, kwenye uzio wake. Angeweza kupanda kwenda nyumba kubwa. Aligeuka kama anayetaka kwenda. Lakini majirani wawili walikuwa wamekwisha kusimama kule njiani, wamelaza majembe mabegani, wanatazama, na mrithi mkuu hawezi kuonekana anakimbia mpaka aliouanza mwenyewe. Alishuka. Alipofika kwenye tope, koti lilimlemea, likaanza kuburuza pindo majini. Alisimama, akalaani, akafungua kifungo cha kwanza. Kisha cha pili. Alilivua lote, akalitundika kwenye mlamula uliokuwa umesimikwa karibu, akapokea ile fito, akaisimika, na kuanza kuishindilia kwa kisigino, mgongo wa shati lake ukiwa umeloa kama wa mtu aliyevuka mto.

Celestina alipanda kumfuata mbuzi, akarudi naye kwa kamba, ili naye aone mahali pake. Mbuzi alinusa bonde, akanusa mlamula, akanusa sufu, na akaanza kutafuna mkono wa kushoto.

“Tata,” Celestina alisema. “Koti.”

Gaudiosus aliinua mguu.

“Maliza kushindilia kwanza,” Placidia alisema, “inalegea.”

Akashindilia.